Nyumba Imehesabiwa, Shamba Halikuhesabiwa



Leo tunataka kusema juu ya karatasi. Si karatasi ya mshahara, ambayo kila mtu anaijua na kuilalamikia mwisho wa mwezi. Ni karatasi ile inayofika katika kijiji au katika kartie mbele ya katapila kufika. Watu wa kompanyi wanashuka katika gari pamoja na mtu wa Leta, chefu anasimama kando yao, kijana mmoja anashika kalamu, na mkubwa wao anasema: tumekuja kuwaandika. Kuandikwa maana yake ni kuondoka. Wazee wanafahamu hivyo, hata kama neno la kuondoka halijatamkwa bado.

Sisi ni makarani. Kazi yetu ni orodha. Tunaandika tani, tunaandika mapipa ya asidi, viatu vilivyotoka katika depo, saa za watu wa usiku. Kwa hiyo tunajua jambo moja ambalo watu wengi hawalifikiri: orodha inaona tu kitu kilichopewa mstari. Kama mstari wake haupo, karani hana pa kukiandika, na jioni wakati wa kujumlisha kitu hicho hakipo duniani. Hakuna aliyekiiba. Hakikuandikwa, basi.

Tazameni sasa mistari ya orodha ya kuhamisha watu. Jina la baba wa nyumba. Hesabu ya watoto. Nyumba ya matofali ya kuchoma au ya udongo, mabati au majani. Choo. Miembe inayozaa na miembe isiyozaa bado. Mihogo na mahindi yaliyosimama shambani siku ile. Mara nyingi hapo mistari imekwisha, na yule kijana anafunga kalamu yake.

Lakini mama wa kijiji ana vipande vitatu vya shamba. Mwaka huu amepanda mahindi katika kimoja, mihogo katika cha pili, na cha tatu kimelala. Kimelala kwa sababu udongo wetu wa Katanga unachoka upesi. Ukiulima miaka mitatu minne, unataka kuachwa mpaka miti irudi. Hakuna mkulima asiyejua jambo hili. Basi mwandishi wa orodha akifika kwenye kipande kilicholala anaona nini? Anaona pori. Anapita. Mama alikuwa na mashamba matatu, karatasi inasema mawili, na katika hayo mawili wanalipa mimea tu, si udongo wenyewe. Wanalipa mahindi ya msimu mmoja, kana kwamba mwakani hatakula.

Tena lile pori lenyewe lilikuwa depo yake. Ndimo alimotoa makala ya kuuza, uyoga wakati wa mvua, viwavi vya kula, asali, majani ya kuezeka nyumba, dawa ya mtoto mwenye homa. Ndimo ilimopita njia ya kwenda mtoni. Nani ameandika mto? Kule alikopelekwa, maji yanauzwa kwa bidoni. Alikuwa hanunui maji wala makala wala mboga. Sasa ananunua vyote vitatu, na pesa aliyopewa ilihesabiwa kwa maisha ya mtu asiyenunua. Makaburi yana taabu yao peke yao, hatutaki kuyasema hapa kwa haraka.

Wandugu, neno hili la pori tupu halikuzaliwa jana. Tarehe 1 Julai 1885 Leta ya mfalme Leopold ilitangaza kwamba ardhi isiyokaliwa na mtu ni mali ya Leta. Nani aliamua kwamba haikaliwi? Mtu aliyepita njiani asione nyumba. Mwaka 1900 wakaunda Comité Spécial ili isimamie ardhi ya Katanga, mwaka 1906 ikaja Union Minière, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa katika mji wa Elisabethville, ambao tangu 1966 tunauita Lubumbashi. Shaba hiyo ilitoka Kalukuluku, mahali Wazungu walipopaita Étoile. Sasa sikieni jambo la ajabu. Katika vilima vingi vya shaba Wazungu walikuta mashimo ya zamani. Wenyeji walikuwa wamechimba na kuyeyusha tangu karne nyingi, wakafanya misalaba ya shaba iliyotembea mbali sana katika biashara. Na ni wenyeji walioonyesha njia ya kufika kwenye vilima vile. Ndiyo kusema, ardhi iliyoitwa tupu ilikuwa na mashimo ya watu, na watu wenyewe wamesimama karibu na kuyaonyesha kwa kidole.

Nyuma ya uhuru mambo yaligeuka, lakini kwa upande mmoja tu. Sheria Bakajika ya mwaka 1966 ilirudisha ardhi na utajiri wake mikononi mwa Leta ya Kongo. Mwaka 1967 Union Minière ikanyang'anywa migodi, ndipo ilipotokea Gécamines. Baba zetu walifurahi, na walikuwa na haki kufurahi. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973: udongo wote ni mali ya Leta, hauuzwi milele. Na udongo ambao watu wa vijiji wanaulima kwa desturi ya babu zao? Sheria hiyo ilisema kwamba haki zao zitapangwa kwa amri ya Rais. Miaka arobaini na zaidi ikapita bila amri hiyo kutoka. Mtu alizaliwa, akaoa, akapata wajukuu, amri haijatoka. Ndani ya pengo lile ndimo kompanyi zote zilimopita na magari yao.

Kuna watu watakaotujibu: acheni, leo kuna sheria ya migodi. Kweli ipo, nasi tumeisoma, tena tunataka isomwe na watu wengi. Sheria ya mwaka 2002, katika kifungu cha 281, inasema kwamba mwenye hati ya mgodi atamlipa mtu anayeondolewa thamani ya ardhi yake pamoja na nusu juu ya thamani hiyo. Tena inafafanua ardhi ni nini: ni ule udongo ambao watu wametumia, au wanatumia, haki yoyote juu yake. Haki yoyote! Kwa hiyo kipande kilicholala kimo ndani ya sheria. Pori la makala limo. Mwaka 2018 sheria ilirekebishwa, na ikaongezwa amri nzima juu ya kuhamisha watu: washauriwe mbele, mpango uandikwe, wasiachwe katika maisha mabaya kuliko yale ya kwanza. Maneno ni mazuri. Yameandikwa kwa Kifaransa, yamo katika kabati, na mama tuliyemtaja hajapata kuyasikia.

Tuje sasa Kolwezi, kwa sababu pale mtu haitaji kusafiri kwenda kijijini ili aone jambo hili. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya mgodi, nao ulijengwa juu ya shaba na kobalti yenyewe. Zamani mgodi uliwaita watu waje wakae karibu nao. Siku hizi mgodi unawaambia waondoke, maana kitanda chao kimewekwa juu ya pesa.

Kasulo mnaijua. Mwaka 2014 mtu mmoja alichimba shimo katika kiwanja chake akakuta kobalti, na kwa miezi michache kartie nzima ikageuka mgodi. Watu walichimba ndani ya ua, wengine ndani ya chumba cha kulala, mashimo yakapita chini ya nyumba ya jirani na chini ya njia. Mwaka 2017 sehemu ya kartie ilipewa kompanyi, familia mamia zikahamishwa: chagua pesa, au chagua nyumba mbali na mji. Wengi walichagua pesa. Watu wa mji waliwacheka baadaye wakisema walikunywa pesa yao. Sisi hatuwacheki. Mtu aliyeishi kwa kuuza maandazi kwenye njia yenye watu, ukimjengea nyumba mahali pasipo na watu, atamwuzia nani? Alichukua pesa kwa sababu alijua hesabu ya maandazi yake kuliko wale waliochora mpango.

Hata Cité Gécamines, kartie ya watu wa kazi, wenye nyumba za matofali, maji na umeme, haikuokoka. Shimo la shaba la pembeni lilifunguliwa tena mwaka 2015 na kompanyi ambayo ndani yake wamo Wachina na Gécamines pamoja. Tangu hapo baruti inapasua kuta, na nyumba moja nyuma ya nyingine imewekwa katika orodha. Shirika la Amnesty International, lililoandika habari za Kolwezi mwaka 2023, lilisema watu wa kartie hiyo walikuwa kama 39,000. Wamo wazee waliofanya kazi chini ya ardhi, wakatoka na kifua kibovu, na mali yao yote ya miaka thelathini ni nyumba ile. Wengi waliolipwa walisema kwamba pesa haikutosha kununua nyumba kama ile waliyoiacha. Wakaenda pembeni ya mji, mahali pasipo na bomba wala waya. Ndugu zetu hawa hawakuwa watu wa pori. Walikuwa watu wa mgodi, kama wewe unayesoma karatasi hii wakati wa mapumziko.

Tena mpangaji. Orodha inamwandika mwenye nyumba. Mpangaji anapewa kidogo sana, au anaambiwa hatumjui. Lakini ndiye aliyekuwa na meza ya kuuza unga mbele ya mlango, ndiye mwenye watoto katika shule ya jirani. Fundi wa viatu, mshona nguo, mama wa lengalenga, wote wanaishi kwa watu wanaowazunguka, na watu hao wakitawanyika, kazi yao imekufa. Katika orodha zilizopita mbele ya macho yetu hatujaona mstari unaoitwa wanunuzi.

Sasa tuseme neno gumu na wandugu wetu wa kazi. Tunasikia katika basi la asubuhi: "Mambo hayo ni ya wanakijiji. Sisi tunakula kwa mgodi. Mgodi ukizuiwa, watoto wetu watakula nini?" Swali hili lina haki yake, na hatutaki kulifunika. Bukari ya makarani inatoka katika mgodi, kama ya mchimbaji na ya dereva. Hatusemi mgodi ufungwe. Mwaka 2024 Kongo ilitoa shaba zaidi ya tani milioni 3, na zaidi ya sehemu 70 kwa mia za kobalti ya dunia yote. Gécamines yenyewe, katika miaka ya 1980 ilipokuwa na nguvu zake zote, ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Pimeni tofauti. Mali inayotoka leo ni mara sita ya ile iliyojenga hospitali, shule na kartie zetu. Basi mtu asituambie kwamba mali hii haitoshi kumlipa mama mmoja kipande chake cha tatu. Anayemwambia mfanyakazi kwamba mshahara wake utapotea kama mwanakijiji akilipwa vema, anawagombanisha watu wawili waliokaa meza moja, ili wasitazame nani anaondoka na sahani.

Tena, mfanyakazi hana mahali pa kujificha. Vumbi haliulizi nani ana kazi. Mwaka 2009 waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven katika Ubelgiji walipima mikojo ya watu wa Katanga. Wale waliokaa karibu sana na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini kuliko wale wa mbali. Mwaka 2020 walitoa habari nyingine ya kutisha zaidi: katika Lubumbashi, watoto waliozaliwa na kilema walionekana zaidi kwa baba wenye kazi ya mgodi. Baba, wandugu, si mama tu. Kwa hiyo nguo ya kazi haitukingi na mambo ya wanakijiji.

Maji nayo yanahamisha watu bila katapila. Tazameni ziwa la Tshangalele, lile lililofanyika mwaka 1930 wakati mto Lufira ulipozuiwa pale Mwadingusha kwa kutoa umeme wa viwanda. Kwa miaka mingi maji machafu ya viwanda vya Likasi yameshuka kwa mto Panda mpaka ziwani, na samaki na tope lake vimepimwa vikakutwa na madini. Mvuvi hakuondolewa. Hakuna aliyemwandika katika orodha yoyote. Lakini mto ukiharibika, kazi yake inapungua mwaka kwa mwaka mpaka siku anafunga wavu wake na kwenda mjini kutafuta kibarua. Mtu huyo amehamishwa au hakuhamishwa? Na mwezi wa Novemba 2025 hata watu wa Lubumbashi walionja: ukuta wa bwawa la maji ya kiwanda ulipasuka, maji ya sumu yakaingia katika mitaa upande wa Kasapa, katika viwanja na mashamba ya mboga. Serikali ilisimamisha kazi za kompanyi hiyo kwa miezi mitatu. Mboga za pale zinauzwa katika soko la mji. Mwenye kusoma na afikiri mwenyewe amekula wapi.

Tumesema juu ya kalamu. Kuna siku ambazo hata kalamu haikuja. Mwezi wa Novemba 2009, pale Kawama karibu na Lubumbashi, polisi walikuja kuwafukuza wachimbaji walioshitakiwa kuiba madini, na mashini zikabomoa nyumba mamia, pamoja na nyumba za wakaaji wa siku nyingi ambao hawakuwa wachimbaji. Miaka mitano baadaye watu walikuwa bado wanadai. Mwezi wa Novemba 2016 kijiji cha Mukumbi, upande wa Kolwezi, kilichomwa moto na askari. Kompanyi yenye hati ya mahali pale ilikana kwamba ilihusika. Nyuma ya watu kulalamika sana, mwaka 2019, ikatolewa pesa ambayo wengi walisema ni kidogo. Hatuandiki haya kwa kuwasha hasira. Tunayaandika kwa sababu mtu aliyeona moto wa Mukumbi, akiletewa karatasi kesho, atatia kidole bila kuuliza, na wanaoleta karatasi wanajua hivyo.

Na watoto wa watu hawa wanakwenda wapi? Wanakwenda kuchimba. Kijana aliyenyang'anywa shamba la baba yake hana shule ya kutosha kwa kuwa karani, wala hana mtu wa kumwingiza kompanyini. Anachukua nyundo na gunia, anaingia usiku katika shimo lilelile lililokula shamba. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliwaangukia wachimbaji katika shimo la KOV, Kolwezi, wakafa watu zaidi ya 35. Tarehe 15 Novemba 2025, pale Kalando katika Lualaba, daraja lilivunjika wakati watu walipokuwa wakikimbia, wakafa wasiopungua 32. Magazeti ya Bulaya yanawaita wachimbaji haramu. Wengi wao walikuwa wakulima halali. Na Bulaya ileile inatengeneza magari ya umeme ili mji wake upate hewa safi. Tunawatakia hewa safi. Lakini bei ya gari lile haijahesabu bado hewa ya Kolwezi.

Kuna upande mwingine ambao si haki kuunyamazia. Watu wengine wakisikia kompanyi inakuja, wanajenga nyumba za usiku: kuta nne za matofali mabichi, bati moja juu, hakuna aliyelala ndani hata siku moja. Wakubwa wa mjini wanatuma vijana wapande miembe midogo kama nywele katika kiwanja cha mtu mwingine, ili ihesabiwe. Ndiyo, tumeona. Na kompanyi inapenda sana kusimulia habari hizi, kwa maana zikisimuliwa vema zinamfanya kila mwanakijiji aonekane mwizi. Lakini tuulize: nani anasikia habari ya orodha mwezi mmoja kabla haijaanza? Si mama wa mihogo. Nyumba za usiku ni za wale walio karibu na biro. Dawa yake ni nyepesi kabisa: siku ya kuandika itangazwe mbele ya wote kwa wakati mmoja, kanisani, sokoni na kwa redio, na orodha isomwe kwa sauti mbele ya kijiji. Jirani anajua ni nani amejenga jana. Ukisoma orodha mbele ya majirani, nyumba ya uongo itaanguka bila katapila.

Halafu pesa za baadaye. Sheria ya 2018 iligawa kodi inayolipwa juu ya madini yanayouzwa: sehemu 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini au seferi ambamo mgodi umo, na 10 kwa akiba ya vizazi vijavyo. Mbali na hiyo, kompanyi inapaswa kutoa angalau franka 3 katika kila franka 1,000 za mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaouzunguka mgodi, na pesa hiyo inasimamiwa na baraza lenye watu wa kompanyi na watu wa jamii pamoja. Hizo ni pesa nyingi, si sadaka, ni deni. Basi meya na chefu watundike mlangoni pa biro karatasi moja: mwezi huu tumepokea kiasi hiki, tumetumia kwa hiki. Karani mmoja anaweza kuiandika kwa nusu saa. Kama inakosa kuandikwa, si kwa kukosa karani.

Sasa tunataka nini? Tunataka ardhi ilipwe kwa ardhi. Pesa peke yake inaisha; kipande cha shamba chenye maji karibu kinalisha nyumba mpaka mjukuu. Ardhi hiyo ionyeshwe kwanza, watu waitembelee, mama zetu waikanyage na kuonja maji yake, ndipo waseme ndiyo au hapana. Na watu wasihamishwe kabla ya kisima kuchimbwa na shule kufunguliwa, kwa kuwa kisima cha ahadi hakijawahi kutoa ndoo moja.

Kwa wale ambao orodha itawafikia mwaka huu, Kolwezi, Fungurume, Likasi, Kipushi au popote, sisi makarani tunawaambia mambo ya kazi yetu. Msitie kidole mbele ya karatasi kusomwa kwa Kiswahili kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho; kama kijana wa kompanyi hana nafasi, mwalimu wa shule au mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuisoma. Ulizeni kama kipande kilicholala kimeandikwa. Kama hakuna mstari, mwambieni auongeze kwa mkono chini ya karatasi, atie tarehe na sahihi. Wapangaji waandikwe kwa majina yao. Mjane aandikwe kwa jina lake mwenyewe, asifichwe chini ya jina la shemeji, kwa sababu siku ya kulipa anaitwa yule aliyeandikwa. Pigeni picha ya shamba na nyumba kwa simu, siku ileile, na mtu wa kompanyi akionekana ndani ya picha itafaa zaidi. Mwisho ombeni kopi. Watawajibu kwamba kopi itakuja wiki ijayo kutoka Lubumbashi. Mwambieni kwa heshima kwamba mnamngojea hapo hapo, na kwamba simu yake nayo inaweza kupiga picha.